Mabawabu wa Suez

Mnamo tarehe 17 Novemba 1869, Khedivi Ismail wa Misri alipoufungua Mfereji wa Suez mbele ya wafalme na mabalozi, na marikebu ya Eugénie, mke wa Kaizari wa Ufaransa, ikautangulia msafara, mazungumzo yaliyotawala yalikuwa ya shehena, ya ushuru, na ya masafa yaliyopunguzwa baina ya Ulaya na Bara Hindi. Ferdinand de Lesseps, aliyeisimamia kazi hiyo tangu jembe la kwanza lilipopigwa mwaka 1859, aliuchimba mfereji usio na malango ya kuzuia maji, kwa kuwa vimo vya bahari hizo mbili vilikaribiana. Na hivyo Bahari ya Sham na Bahari ya Kati, zilizokuwa zimetengana kwa dahari nyingi, zikaanza kuchanganya maji yake.

Walakini samaki hawakuvuka siku ile, wala mwaka ule. Njia ilikuwa wazi kwa marikebu, lakini kwa viumbe wa majini ilikuwa na mabawabu wake. Wa kwanza alikuwa chumvi: katikati ya njia yalikuwapo Maziwa Machungu, mabonde makavu yaliyotandikwa tabaka nene la chumvi, ambayo maji yalipoingia iliyeyuka hata yakawa makali kuliko ya bahari zote mbili. Wa pili alikuwa Mto Naili, ambao kila mwaka, mafuriko yake yalipofika pwani, ulimwaga maji matamu hadi mbele ya Port Said, yakamkabili mgeni pale pale anapotoka mferejini. Wa tatu alikuwa baridi ya kipupwe, ambayo samaki aliyezoea maji ya joto aghalabu haistahimili. Hata hivyo, mkondo wa mferejini kwa sehemu kubwa ya mwaka huelekea kaskazini, na kila maji yalipopita yaliondoka na kitu katika ile chumvi ya Maziwa Machungu. Mwaka 1902 Mfaransa aitwaye Tillier, alipoandika habari za samaki wa mferejini, alimtaja samaki mmoja mdogo wa Bahari ya Sham, mwenye mstari wa fedha ubavuni, aliyekwisha kufika upande wa pili.

Katika miaka ya 1920 akaonekana tasi katika pwani ya Palestina. Msomaji wa mwambao wetu hahitaji kuelezwa habari za tasi, au tafi kama wamwitavyo Mombasa: ni jamaa yake yule yule ambaye mvuvi humtoa wavuni kwa hadhari, akimbana kichwa asije akachomwa na miiba yake yenye sumu, na ambaye kazi yake mchana kutwa ni kuchunga mwani. Bahari ya Kati ina samaki wachache mno walao mwani, na kwa hiyo mgeni huyu alikuta malisho yasiyo na mshindani mkubwa. Katikati ya miaka ya 1950 akafuatwa na tasi wa jinsi ya pili, na leo kusini ya Uturuki ipo miamba ambayo ilikuwa misitu ya mwani na sasa imebaki vipara. Haifai, hata hivyo, kumsema kwa ubaya tu, maana huko Kipro watu wanampenda na humnunua kwa bei nzuri.

Bawabu wa baridi alisinzia katika kipupwe cha 1954 na 1955, kilichokuwa na joto kuliko desturi. Baada yake bumbo na mkundaji wa Bahari ya Sham wakajaa katika nyavu za kukokota za mashariki ya Bahari ya Kati, nao wenyeji wengine wakasogea kwenye maji ya kina. Kisha likajengwa bwawa kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, na mafuriko ya Naili yakakoma kufika baharini. Ajabu ya zama hizo ni kwamba baina ya 1967 na 1975 vita viliufunga mfereji: marikebu zilizuiliwa miaka minane, samaki hawakuzuiliwa hata siku moja.

Mgeni aliyeleta msiba hasa ni bunju, aliyeonekana mara ya kwanza kusini-magharibi ya Uturuki mwaka 2003. Kwetu mtoto wa mvuvi hujua mapema kwamba bunju ana sumu; kule samaki alifika, lakini elimu yake haikufuatana naye. Baina ya 2005 na 2008 watu 13 walitibiwa nchini Israel baada ya kumla, na kwa bahati njema wote wakapona. Mvuvi naye ana shauri lake jingine: meno ya bunju, yaliyoungana yakawa kama mdomo wa kasuku, hukata mshipi wa nailoni kwa mng'ato mmoja, na akiukuta wavu umekwisha kunasa, huwala samaki walionaswa na kuacha matundu ambayo kuyashona huchukua siku nzima. Kwa kuwa hauziki sokoni, mwaka 2020 serikali ya Uturuki ilianza kuwalipa wavuvi lira 5 kwa kila mkia wa bunju walioukabidhi, ilhali Misri ilikwisha kuupanua mfereji tangu Agosti 2015, ili upitishe marikebu nyingi zaidi.