Kondroitinasi ABC na Mtego wa Gegedu

Kwenye majokofu ya maabara zinazochunguza mifupa, ubongo au kondo la nyuma hupatikana kichupa chenye unga mweupe kidogo na jina refu: kondroitinasi ABC. Unga huo ni kimeng'enya, protini inayotengenezwa na bakteria aitwaye Proteus vulgaris, anayeishi udongoni, kwenye maji machafu na matumboni. Kazi ya protini hiyo ni kukata minyororo ya sukari changamano inayojulikana kama kondroitini salfeti. Mfasiri anayelikuta jina hilo kwa mara ya kwanza hushawishika kulipasua vipande na kutafsiri kila kipande. Nitajaribu kuonyesha kwa nini asifanye hivyo.

Tuanze na mwisho wa neno. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitenga kutoka kwenye kimea cha shayiri kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari, wakakiita diastasi. Baadaye mwenzao Émile Duclaux alipendekeza kwamba vimeng'enya vyote vipewe mkia huohuo, na ndivyo ilivyokuwa: amilasi, lipasi, laktasi. Kwa Kiswahili wapo wanaoandika -ezi, kwa kuufuata mdomo wa Kiingereza. Mimi naona -asi ndiyo bora, kwani ni karibu zaidi na maandishi yanayotumika katika lugha nyingi, na mwanafunzi akifungua kitabu cha Kifaransa au cha Kijerumani hatapotea.

Neno kimeng'enya lenyewe halina ugomvi. Limetokana na kumeng'enya, kazi ya tumbo juu ya chakula, na limeshazoeleka shuleni. Ila lina kasoro moja ndogo ambayo kondroitinasi huifichua. Vimeng'enya vya tumboni karibu vyote hukata kwa kutumia maji: molekuli ya maji huingia pale muungano unapovunjika, nusu yake ikaenda huku na nusu kule. Kondroitinasi ABC inafanya kazi ndani ya maji, lakini haitumii molekuli ya maji kukata. Huung'oa muungano huo na kuacha kwenye kipande kimoja cha sukari muungano maradufu kati ya kaboni ya nne na ya tano. Vimeng'enya vya namna hii huitwa liasi, na sioni haja ya kuvitungia jina jingine.

Kwa mtu wa maabara, muungano huo maradufu ni zawadi. Unanyonya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 232, mwanga ambao mnyororo mzima hauunyonyi kwa kiasi cha kutajika. Mtafiti huweka sampuli yake kwenye myeyuko wa pH 8, akaongeza kimeng'enya, akaacha kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, kisha akapima mwanga. Kadiri minyororo inavyokatwa ndivyo kipimo kinavyopanda. Hahitaji rangi wala kitu cha mnururisho kujua kwamba kazi inaendelea.

Sasa herufi. Msomaji anaweza kudhani ABC ni vimeng'enya vitatu vilivyochanganywa, au daraja la ubora kama la chai. Sivyo. Herufi zinataja kinachokatwa. Kondroitini salfeti ni jozi ya sukari mbili inayojirudia mara nyingi, moja ikiwa galaktosamini, ya jamii ya galaktosi, nyingine ikiwa asidi, na juu yake vimebandikwa vikundi vya salfeti. Salfeti ikikaa kwenye kaboni ya nne ya galaktosamini, hiyo ni A. Ikikaa kwenye ya sita, ni C. B ni ndugu aliyehama ukoo: asidi yake ni ya aina nyingine, iduroni badala ya glukuroni, na siku hizi huitwa dermatani salfeti kwa kuwa ni nyingi ngozini. Kimeng'enya chetu hukata zote tatu. Kipo kingine, kondroitinasi AC, kinachokata mbili tu na kuiacha B, na kipo cha B peke yake. Kwa kulinganisha kilichokatwa na ABC na kilichokatwa na AC, mtafiti anajua kama dermatani ilikuwemo kwenye sampuli. Kundi la watafiti wa Japani, wakiwemo Tatsuya Yamagata na Sakaru Suzuki, ndilo lililochapisha mwaka 1968 namna ya kusafisha na kutumia kondroitinasi ABC na AC, na majina hayo yamedumu ingawa B imeshabadilishwa jina. Herufi hizo, kwa hiyo, ziachwe zilivyo. Anayeandika "kondroitinasi" bila herufi ameficha nusu ya habari.

Mtego wenyewe uko mwanzoni mwa neno. Kondros kwa Kigiriki ni gegedu, ile sehemu laini na ngumu kwa wakati mmoja iliyo puani, masikioni na kwenye maungo. Kondroitini ilijulikana kwanza kutokana na gegedu, na humo imejaa kweli: vikundi vyake vya salfeti vina chaji hasi, vinavuta maji, na maji hayo ndiyo yanayolifanya goti listahimili uzito wa mwili. Basi mfasiri mwenye bidii ataandika "kimeng'enya cha gegedu" na kuridhika. Msomaji naye atadhani kazi ya kimeng'enya hiki ni kulainisha magoti.

Hebu apeleke tafsiri hiyo Kisumu. Katika magharibi mwa Kenya, Michal Fried na Patrick Duffy walichunguza makondo ya nyuma ya akina mama waliokuwa na malaria, na mwaka 1996 wakaeleza kwa nini mwanamke aliyeishi na malaria tangu utotoni, akajenga kinga, huugua tena anapobeba mimba ya kwanza. Seli nyekundu za damu zenye vimelea vya Plasmodium falciparum zilizotolewa kwenye kondo ziling'ang'ania kondroitini salfeti A, ilhali zile za watu wasio wajawazito hazikuishika. Kondo linampa kimelea mahali papya pa kujishikiza, na kinga ya zamani haipajui. Mwaka mmoja kabla, kundi la Stephen Rogerson lilikuwa limeonyesha kwenye seli za maabara kwamba ukizipitishia kondroitinasi kwanza, ung'ang'anizi huo hupungua kwa hadi asilimia 90. Ndivyo kifaa hiki kinavyotumika: kata sukari unayoishuku, uone kama jambo linakoma. (Kufanana kwa "kondo" na "kondroitini" ni bahati nasibu tu, ingawa katika habari hii ni bahati inayochekesha.) Hakuna gegedu lolote katika kisa hiki.

Wala halipo kwenye ugwe mgongo. Ugwe ukijeruhiwa, kovu linalojitokeza hujaa kondroitini salfeti, na nyuzi za neva zikilifikia husita kusonga mbele. Mwaka 2002 Elizabeth Bradbury na wenzake wa London walitia kondroitinasi ABC kwenye jeraha la panya. Nyuzi zikakua tena, na panya wakarudiwa na sehemu ya uwezo wao wa kutembea. Kizuizi kimojawapo cha kuhamishia jambo hili kwa binadamu ni kwamba kimeng'enya hiki hakivumilii joto la mwili kwa muda mrefu na huchoka baada ya siku chache.

Napendekeza basi tuandike kondroitinasi ABC, bila kutafsiri mwanzo wake, na mara ya kwanza tuongeze maelezo mafupi: kimeng'enya cha bakteria kinachokata minyororo ya kondroitini salfeti. Gegedu litajwe pale tu linapohusika.

Kamusi itakayoliingiza neno hili iweke na kidahizo cha pili, kondoliasi. Ni jina la dawa iliyoidhinishwa Japani mwaka 2018 kwa ajili ya diski ya uti wa mgongo iliyotokeza na kubana neva. Ni kimeng'enya kilekile, ila jina limeacha ABC na kuchukua "liasi", yaani linataja namna ya kukata. Sindano huingia katikati ya diski, sukari zinazoshika maji hukatwa, na mbano hupungua. Kabla yake madaktari walitumia kimopapaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, ndugu wa kile kinacholainisha nyama ikipakwa papai bichi. Hicho hukata protini, na Marekani ilikiidhinisha mwaka 1982. Kikaja kuachwa, sababu mojawapo ikiwa mzio mkali uliowapata baadhi ya wagonjwa. Vidahizo hivi viwili vielekezane, la sivyo mfamasia na mtu wa maabara watadhani wanazungumzia vitu tofauti.