Barabara iliyopita juu ya Rondo

Mimi huku Minnesota mzima, baridi tu ndiyo inatukomesha. Juzi mjomba aliniuliza kwenye simu: "Hivi huko Marekani nako watu huwa wanavunjiwa nyumba?" Nikamwahidi nitamjibu hapa ili na wengine msome.

Jibu ni ndiyo, mjomba. Kila siku nikitoka Saint Paul kwenda kazini Minneapolis napita barabara kuu ya I-94. Mahali ilipopita palikuwa na mtaa wa watu ukiitwa Rondo.

Tuanze mbali kidogo. Mji huu uko bonde la mto Mississippi, katika nchi ya Wadakota, na jina lake limetokana na nyumba ya ibada. Mwaka 1841 padri Lucien Galtier alijenga kanisa dogo la magogo, akaliita la Mtakatifu Paulo. Kabla ya hapo pakiitwa Pig's Eye, yaani Jicho la Nguruwe! Watu wakamiminika: mwaka 1880 walikuwa 41,473, na mwaka 1890 walikuwa 133,156. Miaka kumi tu, jamani.

Watu weusi nao walikuja, wengine wakikimbia utumwa. Kanisa lao la Pilgrim Baptist lilianzishwa mwaka 1863. Baadaye wengi walikusanyika Rondo, kwani sehemu nyingine walinyimwa nyumba. Wakajenga makanisa, maduka, vinyozi na vilabu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili magari yakazidi, ikatakiwa barabara ya kuunganisha miji hii miwili. Mpangaji wa mji, George Herrold, alishauri ipite kaskazini, kando ya reli. Hakusikilizwa. Mchungaji George Davis alikataa kuhama. Mwaka 1956 polisi wakaja kumtoa. Hadi barabara inafunguliwa mwaka 1968, familia za watu weusi zipatazo 600 zilikuwa zimepoteza makazi. Fidia ilikuwa ndogo, na ubaguzi uliwafungia milango kwingine.

Pilgrim Baptist bado imesimama. Lakini kanisa si matofali, ni wale waliokuwa wakija kwa miguu Jumapili. Mwaka 2015 meya Chris Coleman aliomba radhi hadharani, karibu miaka 50 baadaye.

Wa Kimara mnanielewa. Ile X nyekundu ukutani mnaijua, na mwaka 2017 mliona nyumba zikivunjwa hadi Kiluvya ili barabara ya Morogoro ipanuliwe. Sisemi barabara ni mbaya, hata mimi naitumia. Ninachosema ni kwamba mji ukikua, kuna anayelipia, na mara nyingi ni yule asiye na sauti.

Wana Rondo walianzisha sherehe yao, Rondo Days, mwaka 1983, majina yasipotee. Basi mjomba, nakuomba: andika majina ya majirani wa zamani, na picha usitupe. Nikija tutazipitia pamoja.

Wasalimieni wote. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.