Peke Yake Mbele ya Goldorak



Katika mikutano ya vikundi vyetu kuna swali linalorudi kila mara. Kijana anauliza: "Kwa nini wazazi hukasirika wanapotukuta tunatazama katuni za Wajapani?" Naye mzazi, akipata nafasi ya kusema, anauliza kwa upande wake: "Watoto wetu wanaona nini katika picha zile za macho makubwa na mapigano yasiyokwisha?" Sisi tuliosomea ualimu tumezoea kujibu upesi, mara kwa kukemea, mara kwa kunyamaza. Leo tunapenda kujibu kwa njia ya historia, kwa maana ugomvi huu haukuanza nyumbani kwenu. Ulikwisha kuwaka kwa ukali nchini Ufaransa, kati ya mwaka 1978 na mwaka 1997.

Mtauliza: Ufaransa inatuhusu nini? Iko alama ndogo inayojibu. Wengi kati yenu humwita shujaa wa Dragon Ball kwa jina la Sangoku. Wajapani hawamwiti hivyo. Kwao yeye ni Son Goku. Sangoku ni jina alilopewa Ufaransa, filamu hiyo ilipotiwa sauti za Kifaransa. Basi kila mtoto wa Kongo anayelitamka jina hilo anashuhudia, bila kujua, njia ambayo hadithi ilipita hata kumfikia. Na pamoja na hadithi, hofu ya wazazi nayo ilipita katika njia hiyo.

Tuanze Japani kwenyewe, kwa kuwa wengi hudhani kwamba wazazi wa kule walizipokea hadithi hizi bila neno. Sivyo. Mnamo mwaka 1955, vyama vya akina mama na vyama vya wazazi na walimu viliendesha kampeni dhidi ya vitabu vilivyohesabiwa kuwa vibaya, na mahali pengine vitabu vya manga vilichomwa moto. Hata kazi za Tezuka Osamu, ambaye leo anaheshimiwa kama baba wa manga, zililaumiwa wakati ule. Tezuka hakuweka kalamu chini. Tarehe 1 Januari 1963 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha katuni yake ya Atomu, mtoto wa chuma, na tangu hapo katuni za kila juma zikawa jambo la kawaida. Kuanzia mwaka 1968 mchoraji mwingine, Nagai Go, alichapisha hadithi ya mizaha kuhusu shule isiyo na adabu, na wazazi na walimu wakalalamika tena kwa nguvu. Likumbukeni jina lake, kwa maana ndiye aliyembuni Goldorak.

Tarehe 3 Julai 1978 kituo cha Antenne 2 kilimwonyesha Goldorak kwa watoto wa Ufaransa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa wakati wa likizo, na wakubwa hawakutazamia makuu. Kumbe, kwa muda wa miezi michache, watoto walishikwa na shauku kubwa hata mnamo Januari 1979 gazeti la Paris Match likaweka roboti huyo kwenye jalada lake. Wazazi walishtuka. Waliona mashine zikipigana, mioto na milipuko. Nao walikuwa wamezoea katuni za wanyama wanaochekesha. Wakasema: "Huu ni ukatili, tena umetoka mbali, hatuujui."

Lakini Goldorak alikuwa hadithi ya nani? Ni hadithi ya mwana wa mfalme ambaye sayari yake imeangamizwa kwa vita. Anakimbia, anafika duniani, anapokewa na mzee mtaalamu anayemfanya kuwa mwanawe. Anafanya kazi shambani kama kijana yeyote, akificha asili yake. Na adui yule yule anapoifikia nchi iliyompokea, anapanda roboti yake kuitetea. Kwa neno moja, ni hadithi ya mkimbizi. Kijana wa Kivu au wa Ituri hahitaji kuelezwa mkimbizi ni nani. Mtoto aliyeketi mbele ya televisheni aliiona huzuni ya yule kijana; mzazi aliyepita mlangoni aliona milipuko tu. Wote wawili waliona kweli, lakini kila mmoja aliona nusu yake.

Mwaka 1981 mtafiti wa saikolojia, Liliane Lurçat, alichapisha kitabu kuhusu watoto wadogo na televisheni. Jina la kitabu chake, kwa Kiswahili, lingekuwa: "Katika umri wa miaka mitano, peke yake na Goldorak". Tunaomba mlitazame jina hilo kwa makini. Wafaransa wengi walilishika neno la mwisho, Goldorak, na ugomvi ukaendelea kumzunguka roboti. Sisi tunaona kwamba uzito wote umo katika maneno "peke yake". Mtoto wa miaka mitano haachwi peke yake sokoni, wala mtoni, wala barabarani, hapa aliachwa peke yake mbele ya hadithi ya vita, bila mtu wa kumwuliza: "Kwa nini yule amekufa? Je, atarudi?"

Upweke huo ulizidi kuongezeka. Mwaka 1987 kituo cha kwanza cha televisheni cha Ufaransa, TF1, kiliuzwa kwa watu binafsi, na vituo vingine vya biashara vilikuwa vimekwisha kuzaliwa. Vyote vilihitaji saa nyingi za kuonyesha kwa gharama ndogo. Katuni za Japani zilikuwa tayari, zilikuwa nyingi, na bei yake ilikuwa nafuu. Jumatano, tarehe 2 Septemba 1987, TF1 ilianza kipindi kilichoitwa Club Dorothée, kwa jina la mtangazaji wake.

Kwa nini Jumatano? Hapa mwalimu wa dini hawezi kupita bila kusimama kidogo. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 28 Machi 1882, iliyoifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, iliagiza pia kwamba shule zifungwe siku moja katika juma mbali na Jumapili, ili wazazi wanaotaka waweze kuwapatia watoto wao mafundisho ya dini. Kwa muda mrefu siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Tangu mwaka 1972 ikawa Jumatano. Basi siku ile iliyotengwa ili mzazi ashughulikie roho ya mtoto wake ndiyo iliyogeuka kuwa siku kubwa ya katuni. Televisheni haikuvunja mlango. Ilikuta nafasi haina mtu, ikaketi. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Tena walionunua filamu hizo hawakuzichagua kwa uangalifu. Wajapani hutenga manga kwa umri: ziko za watoto wadogo, ziko za wavulana na wasichana waliobalehe, ziko za watu wazima. Ufaransa ilidhani kwamba kila kinachochorwa ni cha watoto. Ndivyo ilivyotokea kwamba hadithi ya Ken, mpiganaji ambaye adui zake hupasuka miili, iliyoandikwa kwa ajili ya wavulana waliokwisha kukua, ikaonyeshwa kwa watoto wadogo mwaka 1988. Waigizaji waliotia sauti za Kifaransa walichukizwa na ukatili wake hata wakayageuza maneno kuwa mizaha. Damu ilibaki, ila sasa ilichekwa. Hatujui kama dawa hiyo ilikuwa bora kuliko ugonjwa.

Mwaka 1989 hasira ya wazazi ilipata sauti ya kisiasa. Mbunge Ségolène Royal, ambaye baadaye alikuwa waziri na, mwaka 2007, mgombea wa urais, alitoa kitabu cha kupinga jinsi televisheni ilivyowatendea watoto, na katuni za Japani zilishambuliwa vikali ndani yake. Vituo vilianza kukata vipande vya filamu. Mwaka 1990 serikali ilitoa amri ya kwamba sehemu kubwa ya filamu zinazoonyeshwa iwe imetoka Ulaya. Tarehe 30 Agosti 1997 Club Dorothée ilifungwa.

Je, wazazi walikosea? Hatutasema hivyo, na tunawaomba nanyi msiseme hivyo kwa haraka. Mama aliyeona mtoto wake wa miaka sita akitazama miili ikipasuka alikuwa na haki ya kukasirika, tena alikuwa na wajibu. Kosa halikuwa kujali. Kosa lilikuwa kuhukumu jamii nzima ya kazi kwa jina la nchi zilikotoka. Katika kapu lile lile lililolaaniwa mlikuwamo Heidi, mtoto wa milimani, iliyoongozwa na Takahata Isao mwaka 1974. Alikuwamo Rémi, mtoto wa kuokotwa, ambaye hadithi yake ilichukuliwa kutoka katika kitabu cha Mfaransa Hector Malot cha mwaka 1878. Wajapani walikuwa wakiwarudishia Wafaransa urithi wa babu zao, na Wafaransa wengine wakauita uvamizi wa kigeni. Na kwa wale wanaosikia katika mitaa yetu kwamba kila katuni ya Japani ni kazi ya shetani, tuongeze hili: Tezuka, yule yule ambaye kazi zake zililaumiwa mwaka 1955, alishirikiana na televisheni ya taifa ya Italia kutengeneza katuni ya masimulizi ya Agano la Kale. Alifariki Februari 1989 kabla haijakamilika, na wenzake wakaimaliza.

Mwaka ule ule wa 1997 kilitukia jambo jingine linalotufundisha namna hofu ya wazazi inavyoweza kuzaa matunda mema. Tarehe 16 Desemba, nchini Japani, sehemu moja ya katuni ya Pokémon ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukimetameta kwa kasi kubwa. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali, wengine wakiwa wameshikwa na kifafa. Wajapani hawakusema kwamba katuni zote ni mbaya, wala hawakusema kwamba wazazi wanatia chumvi. Katuni hiyo ilisimamishwa kwa miezi minne, madaktari wakachunguza, na kanuni zikawekwa kuhusu mwanga unaometameta. Hata leo filamu nyingi za kule huanza kwa kumwonya mtoto atazame katika chumba chenye mwanga na akae mbali na kioo. Hapo hofu iliambatana na ujuzi, na ujuzi ukaleta kinga.

Watoto wa Goldorak waliishia wapi? Walikua. Leo ni baba na mama, wengine ni babu na bibi. Mwaka 2021 wachoraji wa Ufaransa walitoa kitabu kipya cha Goldorak kwa heshima ya shujaa wa utoto wao. Mwezi Mei 2024 tamasha la filamu la Cannes liliitunuku Studio Ghibli, nyumba ya Miyazaki Hayao na ya yule Takahata wa Heidi, tuzo yake ya heshima. Taifa lililowahi kuogopa michoro hiyo sasa huisimamia na kuipigia makofi. Lakini tusidanganyike: makofi hayo hayafuti swali la mwaka 1981. Katuni imepata heshima. Mtoto, je, amepata mwenzi?

Kwetu sisi mambo yamekuwa magumu zaidi. Televisheni ya mwaka 1978 ilikaa sebuleni, na mama akipita aliiona. Leo Naruto na One Piece wamo ndani ya simu, na simu imo chini ya shuka. Mzazi hapiti tena mlangoni. Akikataza asichokijua, neno lake linapoteza uzito, na mtoto anajifunza kuficha. Mtoto akificha, anabaki peke yake na kila kitu, kizuri na kibaya pamoja.

Kwa hiyo, wapendwa vijana, tunawapa kazi iliyo ndogo na ngumu. Mmoja wenu na amwendee mama au baba, kwa heshima, aseme: "Mama, naomba uketi nami nusu saa. Nitakuonyesha ninachokipenda, nawe uniambie unachokiona." Chagueni hadithi mnayoweza kuionyesha bila aibu, na ikiwa hamwoni hata moja ya kumwonyesha mama yenu, basi mmekwisha kujijibu wenyewe. Nanyi wazazi mtakaosomewa ukurasa huu, msikatae mwaliko huo. Nusu saa si nyingi. Wazazi wa Ufaransa walitumia miaka karibu 20 kubishana juu ya Goldorak. Wangejua mengi zaidi kama wangeketi kando ya mtoto na kumwuliza kwa nini yule kijana wa shambani ana huzuni.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Ni hadithi gani ya katuni tungeweza kuitazama pamoja na wazazi wetu, na ni ipi tusingethubutu? Kwa nini?

2. Wazazi wetu wanapokataza, ni hofu gani iliyo ya kweli ndani ya katazo lao?

3. Katika parokia yetu, ni nani anayeketi na watoto wadogo wanapotazama filamu?