Peni Mbili za Rochdale na Akiba Yetu

Ndugu wanachama, chama cha ushirika kifikapo mwaka wa kumi hakikosi kuulizwa swali hili: ziada igawanywe yote, ama sehemu yake iwekwe akiba? Sisi nasi twaulizwa. Kabla ya kujibu, yafaa tuwakumbuke waliolijibu zamani.

Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji wa sufu na mafundi wengine, jumla yao 28, waliishi kwa mishahara haba na madeni ya dukani. Hawakuwa na tajiri wa kuwafadhili. Wakakubaliana kutoa peni mbili kila wiki, kisha tatu, hata zikatimia pauni 28. Pauni 10 zilikuwa kodi ya mwaka ya nyumba katika njia iitwayo Toad Lane. Zilizobaki zikanunua vifaa na bidhaa chache: unga, siagi na sukari. Duka likafunguliwa tarehe 21 Desemba.

Lakini shauri lilitangulia fedha. Kabla ya mlango kufunguliwa walikwisha andika katika kanuni zao makusudi yao yote: duka, nyumba za wanachama, viwanda, na mashamba. Kila mtoa peni alijua peni yake yaenda wapi. Waliuza kwa fedha taslimu tu, wakagawa ziada kwa kadiri ya manunuzi ya kila mtu, na baadaye wakatenga pauni mbili na nusu katika kila mia kwa ajili ya elimu. Kufikia mwaka 1860 walikuwa wanachama 3,450, wenye mtaji wa pauni 37,710.

Na karibu yetu, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ikategemea makato ya kahawa ya wanachama wenyewe.

Twajua makato hayapendezi, hasa mwaka wa mvua haba. Twajua pia kwamba asiyeambiwa makato yake yaenda wapi ana haki ya kunung'unika. Basi halmashauri na ilete mbele ya mkutano mkuu shauri lililoandikwa: ni ghala gani litajengwa, kwa shilingi ngapi, kwa miaka mingapi, na nani atakagua hesabu. Likisha kubaliwa, sisi wakulima tusirudi nyuma. Akiba haiozi, ila ikikosa hesabu hupotea.