Shingo ya Gitaa la Besi: Historia Fupi ya Mti, Waya na Hewa

Mtu akipita mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura jioni ya Jumamosi, hakosi kusikia bendi ikitumbuiza arusini. Sauti ya kwanza kumfikia kutoka mbali huwa si ya mwimbaji wala ya tarumbeta; ni ngurumo nzito ya gitaa la besi, ambayo hupita kuta na miti kabla ya sauti nyingine zote. Hata hivyo, wengi wetu hatuijui historia ya chombo hicho. Katika makala haya nakusudia kueleza habari za sehemu yake moja tu, nayo ni shingo. Sehemu hiyo ndiyo ipatayo taabu kubwa katika nchi za joto na unyevu, na habari zake zinatuhusu pia sisi walimu wa lugha, kama itakavyoonekana hapo mwisho.

Tuanze na asili ya taabu yenyewe. Wazee wetu waliujua uta na upote wake: upote ukivuta, mti hupinda. Gitaa nalo ni uta, ila ni uta ambao hautakiwi kupinda. Nyuzi nne za besi zikikazwa hadi sauti yake ya kawaida, huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80, usiku na mchana, bendi ikipiga au ikilala. Huyo ni adui wa kwanza. Adui wa pili ni hewa. Mti hata ukatwe, upigwe randa na kupakwa vanishi, hauachi kunywa maji na kuyatoa. Mbao za magitaa hukaushwa kabla ya kuchongwa hata maji yaliyomo hubaki kama asilimia 6 hadi 8. Mbao hizo hizo zikikaa Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi kwa sehemu kubwa ya mwaka, hunywa tena maji hadi kupita asilimia 14. Mti unywapo maji hufura, na kwa upana hufura zaidi kuliko kwa urefu. Kila fundi wa milango aijua habari hii, maana mlango uliofungika vizuri wakati wa kiangazi hukwama wakati wa masika. Basi shingo iliyounganishwa kwa mbao za aina mbili hupata shida maradufu, kwani kila ubao hufura kwa kadiri yake.

Waundaji wa zamani wa Ulaya walitia nyuzi za utumbo wa wanyama, ambazo mvuto wake ni mdogo. Nyuzi za chuma zilipoenea, shingo zikaanza kushindwa. Wengine walificha kipande cha mpingo au cha chuma ndani ya shingo ili kuipa nguvu. Kampuni ya Martin ya Marekani ilianza kutia chuma chenye umbo la herufi T mwaka 1934. Lakini chuma cha namna hiyo hakirekebishiki. Shingo ikipinda, imepinda.

Jibu bora lilikwisha kupatikana katika kiwanda cha Gibson mjini Kalamazoo. Huko mfanyakazi mmoja, Thaddeus McHugh, aliomba haki ya uvumbuzi mwaka 1921, akapewa mwaka 1923. Uvumbuzi wake ulikuwa nondo nyembamba ya chuma iliyolazwa ndani ya mfereji wa shingo, yenye nati kwenye ncha moja. Nati ikikazwa, nondo huipinga nguvu ya nyuzi na shingo hunyooka. Ikilegezwa, nyuzi huivuta shingo mbele. Kwa mara ya kwanza uta ulipata mpinzani wake ndani ya mti wenyewe.

Miaka ya 1930 Paul Tutmarc wa Seattle aliunda besi ya umeme, lakini haikuenea. Aliyeieneza ni Leo Fender wa California, ambaye mwaka 1951 alianza kuuza gitaa lililoitwa Precision Bass. Urefu wa waya zake kati ya vituo viwili ulikuwa inchi 34, yaani kama sentimita 86. Shingo ndefu kuliko ya magitaa mengine ya bendi, na hivyo rahisi zaidi kupinda. Fender alikuwa ameamini kwamba mti mgumu wa nchi za baridi uitwao mepo hauhitaji nondo, na baadhi ya magitaa yake ya umeme ya mwaka 1950 yalitoka bila hiyo. Haukupita muda akabadili nia. Besi yake ilitoka ikiwa na nondo, na nyuma ya shingo ukaonekana mstari wa mti mweusi ulioziba mfereji.

Na huku kwetu? Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, katika Katanga. Kijana huyo alipiga gitaa la kawaida na kuimba kwa Kiswahili, akasikika mbali sana na kwao. Mwaka uliofuata Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville akiwa na gitaa la umeme, na katika miaka iliyofuata besi ya umeme ilichukua pahali pa ile besi kubwa ya kusimama. Pwani nako, vikundi vya Black Star na Lucky Star vya Tanga viliingiza gitaa na besi katika taarabu kwenye miaka ya 1960. Ndivyo chombo kilichobuniwa katika hewa kavu ya California kilivyokuja kupigwa kando ya Bahari ya Hindi.

Wauzaji hawakuwa wajinga wa hewa yetu. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilitengeneza magitaa ya bei nafuu, na moja lilifika hadi Liverpool mikononi mwa John Lennon alipokuwa mwanafunzi. Ndani yake palibandikwa karatasi iliyoahidi kwamba gitaa hilo halitapasuka. Muuzaji aliijua hofu ya mnunuzi. Lakini tazama mpaka wa ahadi yenyewe: ilihusu kupasuka, juu ya kupinda haikusema neno.

Safari za wanamuziki nazo ziliongeza mtihani. Katika miaka ya 1970 bendi kadhaa za Zaire zilihamia Afrika Mashariki; Maquis, kwa mfano, ilikaa Dar es Salaam. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi chake ni kikavu mno. Anayeteremka na besi kutoka huko hadi pwani huipeleka shingo katika hewa nyingine kabisa, na yampasa kuinyoosha upya.

Miaka hiyo hiyo wapo waliojaribu kuukimbia mti. Travis Bean wa California alianza mwaka 1974 kuunda shingo za alumini, na kabla ya muongo huo kwisha zilipatikana besi zenye shingo ya nyuzi za kaboni, ambazo haziujali unyevu. Bei yake haikuwa ya bendi za mitaani. Baadaye kampuni ya Warwick ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1982, ilijulikana kwa shingo za wenge, mti mgumu unaomea katika misitu ya Kongo. Mti wa kwetu ukaenda Ulaya, ukakaushwa, ukarudi ukiwa besi, ukaanza tena kunywa maji ya hewa iliyoukuza.

Hapa sina budi kusimulia niliyoyaona. Klabu ya vijana niliyoisaidia ilipata besi kwa michango ya wazazi. Kiangazi kizima ilipigika vizuri. Mvua ziliporudi nyuzi zilipanda juu hata vidole vikauma. Mpigaji, kijana mwenye bidii, aliona nati kwenye kichwa cha shingo, akaazima spana, akaikaza kwa nguvu zake zote kama mtu akazaye gurudumu la gari. Nondo ikakatika. Klabu ilikaa miaka miwili bila besi. Katika sanduku la gitaa nilikuta karatasi ya maelezo, safi, haijakunjuliwa. Ilikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo pale hapakuwa na aliyeisoma.

Maarifa yaliyokosekana yalikuwa machache. Kwanza, nyuzi zikazwe hadi sauti yake sahihi kabla ya kupima. Kisha mpigaji aubane uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, atazame nafasi iliyopo katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Inafaa ipite kadi nyembamba, yaani kama milimita 0.3. Nafasi ikizidi, nati izungushwe kidogo kwa upande wa kulia. Ikikosekana kabisa, ilegezwe kwa upande wa kushoto. Isizungushwe zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja, kisha mtu angoje, hata siku nzima, kwa kuwa mti hautii amri papo hapo. Nati ikikataa, asishindane nayo; ampelekee fundi. Mara nyingi unyevu na joto huipeleka shingo mbele, na ukavu huirudisha nyuma, lakini kila mti una tabia yake. Hivyo mtu apime, asibahatishe. Besi isiachwe ndani ya gari juani, maana joto hulegeza gundi. Wala zisitolewe nyuzi zote na gitaa likaachwa hivyo kwa majuma, kwani nondo itabaki ikivuta peke yake.

Nondo ya McHugh ililijibu tatizo la nyuzi. Tatizo la hewa haikulimaliza. Ilimpa mtunzaji njia ya kulijibu kila msimu, mradi awe ameelezwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huzibwa na aliyeuona, akajua jina lake na dawa yake. Sisi tunaofundisha ngeli na methali tumewaachia mafundi wetu kazi ya kujifunza kwa kuvunja vyombo.

Klabu ile ilipopata besi ya pili, niliandika hatua hizo kwa Kiswahili kwenye karatasi ya manila. Vijana walichagua wenyewe majina: nondo ya shingo, nati ya nondo, nafasi ya kadi. Karatasi ilitundikwa ukutani juu ya besi, na kadi moja ikafungwa kwa uzi kando yake. Mvua zilipoanza, aliyepima shingo ni yule yule kijana aliyekata nondo ya kwanza. Alizungusha robo, akaiweka spana chini, akangoja hadi kesho yake.