Hongo ya Watemi wa Ugogo

Leo hongo ni rushwa, kitu cha kupokelewa gizani. Katika karne ya 19, hapa Ugogo, hongo ilikuwa ushuru uliodaiwa mchana kweupe.

Misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka kwanza Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, ndipo ikaingia nchi ya Wagogo, ambako visima vilikuwa na wenyewe. Mtemi alitaka nguo, shanga na waya. Mkuu wa msafara alipatana naye, pengine kwa siku kadhaa, huku wapagazi wakisubiri. Burton na Speke walilipa mwaka 1857. Stanley akalipa 1871. Katika vitabu vyao watemi wanaonekana watu wa tamaa tu.

Mimi naona forodha. Nguo iliyopendwa sana njiani iliitwa merikani, kwa kuwa ilifumwa katika viwanda vya Marekani. Ilipotua Zanzibar ilitozwa asilimia 5, kwa mkataba ambao Sayyid Said alitiliana na Marekani mwaka 1833. Jora lile lile likifika Ugogo lilitozwa tena. Sultani alikuwa na bandari, mtemi alikuwa na maji. Wote wawili walikula kwenye njia ya pembe za ndovu. Tofauti ni kwamba jina la mmoja liliandikwa kwenye mkataba wa mataifa, na la mwingine halikuandikwa.

Tofauti hiyo ilikuja kuwa na bei kubwa. Wajerumani walipoitwaa nchi walipiga marufuku hongo. Mwaka 1897 walitangaza kodi ya nyumba, na mwaka 1910 reli yao ikafika Dodoma. Treni haikuhitaji ruhusa ya mwenye kisima. Mgogo aliyekuwa akitoza wapita njia sasa alitafuta rupia, kwa kuuza ng'ombe au nguvu zake, ili alipie nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Mwaka 1985 Charles Tilly aliufananisha uundaji wa dola za Ulaya na uhalifu uliopangwa: mwenye nguvu hutoza, kisha huita tozo hiyo ulinzi. Kwa Ugogo naongeza jambo moja. Nguvu peke yake haikutosha. Ilibidi dola nyingine zikubali kwamba wewe ni dola. Watemi walitoza kwa miongo mingi bila kukubaliwa hivyo, na ndiyo maana vitabuni wamebaki wanyang'anyi.