Kibarua na Kipande: Kushindania Ujira katika Bandari ya Mombasa

Neno "kibarua" ni udogo wa neno "barua". Watunga kamusi wa zamani walikwisha eleza kwamba mfanyakazi wa kutwa aliitwa hivyo kwa sababu ya kikaratasi alichopewa alipoajiriwa, akakirudisha alipokwenda kupokea ujira wake. Jina la karatasi likawa jina la mtu, kisha likawa jina la kazi yenyewe. Na leo mtu aliyeachishwa kazi husemwa kuwa kibarua chake kimeota nyasi. Historia ya neno hili katika bandari ya Mombasa yaonyesha jinsi watu wanyonge walivyofanywa kushindania ujira hata ukashuka, na jinsi walivyotafuta njia ya kuuzuia usishuke.

Katika karne ya 19 wengi wa vibarua katika miji ya pwani walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao kutafuta kazi ya siku, kwa sharti la kurudi na fungu la ujira. Mtu wa namna hiyo hakuwa na nafasi ya kukataa malipo madogo, maana jioni alikuwa akidaiwa. Mtu huru aliyetafuta kazi hiyo hiyo alisimama karibu na mwenzake asiyeweza kusema "sitaki". Utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, neno kibarua lilibaki. Na pamoja nalo ilibaki desturi ya kuajiri mtu kwa siku moja bila kumdhamini kesho yake.

Ujenzi wa reli ulioanza Mombasa mwaka 1896, na gati za maji marefu zilizofunguliwa Kilindini mwaka 1926, uliongeza haja ya makuli wa kupakia na kupakua shehena. Watu wa namna mbili walikutana langoni. Wa kwanza ni wenyeji, yaani Waswahili na Wamijikenda, ambao wengi wao walikuwa na minazi, mashamba au jamaa wa karibu wa kuwasaidia. Hao waliweza kufanya kazi siku kadha katika mwezi, kisha wakapumzika. Maofisa wa serikali waliwaita wavivu; lakini uwezo huo wa kukaa nyumbani ndio uliokuwa ngao yao ya pekee katika kupatana. Wa pili ni wageni kutoka bara, waliokuwa mbali na mashamba yao, na ambao chumba na chakula chao vilitaka fedha kila siku. Mwenye njaa hana miiko: anayeogopa usiku wa leo hawezi kungoja ujira wa kesho ulio bora.

Hata hivyo itakuwa kosa kudhani kwamba njaa peke yake ndiyo iliyoshusha ujira. Sheria nayo ilifanya sehemu yake. Kodi ililipwa kwa fedha, na kwa watu wengi fedha hiyo haikupatikana ila kwa kuajiriwa. Tena, tangu miaka ya 1919 na 1920, wanaume wa Kiafrika katika Kenya walilazimishwa kuchukua kipande, nacho kilitiwa katika kikebe na kuvaliwa shingoni. Ndani yake paliandikwa jina la mwajiri na ujira uliolipwa. Mwajiri mpya aliweza kuusoma ujira wa zamani kabla hajautaja wake. Mnunuzi aliyekwisha ijua bei ya mwisho ya muuzaji hana haja ya kupatana naye. Basi mtu aliyekubali ujira mdogo mara moja, kwa dhiki ya mwezi mmoja, alichukua ushahidi dhidi yake mwenyewe kila alikokwenda. Mwaka 1921 walowezi walipoafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, kipande na kodi vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakusanya watu wa Nairobi nyuma ya Harry Thuku.

Katika dhiki ya biashara ya miaka ya 1930, watu wengi walitafuta kazi zilizokuwa chache. Kila asubuhi wanyapara walichagua watu langoni, na aliyeachwa alirudi mikono mitupu. Mwaka 1934 makuli wa Mombasa waligoma walipopunguziwa ujira. Mgomo wa kibarua ulikuwa na wepesi wake na udhaifu wake. Wepesi ni huu, kwamba hakuwa na mapatano ya mwezi ya kuvunja. Ilitosha asitokee langoni. Udhaifu ni kwamba nafasi aliyoiacha ilikuwa wazi kwa mwingine ye yote mwenye shida.

Udhaifu huo ulizibwa pale tu wafanyakazi wa kazi mbalimbali waliposimama pamoja. Mgomo wa mwaka 1939 ulianza kwa wafanyakazi wengine wa mji kabla ya kufika bandarini. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na watumishi wa nyumbani pia, wakawa wakikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Kwa muda wa karibu majuma mawili ilikuwa vigumu kupata mtu wa kuuza jasho lake kwa bei ya chini ya mwenzake. Chege Kibachia, kiongozi wa chama kilichozaliwa katika mgomo huo, alikamatwa na kupelekwa mbali na mji mwaka huo huo.

Serikali ilikuwa imetoa kanuni za kuandikisha vibarua wa Mombasa mwaka 1944, na katika miaka ya 1950 mpango huo ulikazwa. Walioandikwa daftarini tu ndio walioruhusiwa kazi, na waliohudhuria siku chache mno walifutwa. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza mshahara uwe wa kulisha mtu na jamaa yake, usiwe tena wa kijungujiko cha mtu mmoja. Makuli wa Kilindini wakawa miongoni mwa watu wa kazi za mikono waliolipwa vizuri zaidi katika Kenya.

Lakini lango lililozuia ujira usishuke lilikuwa na pande mbili. Wenyeji waliozoea kufanya kazi kwa hiari, siku hii na siku ile, walipoteza nafasi yao. Na mgeni aliyefika akiwa amechelewa hakupata hata asubuhi moja ya kuchaguliwa. Ushindani haukwisha, bali ulihamishwa kutoka bandarini hadi mitaani, katika ujenzi, uchukuzi wa mizigo na kazi za nyumba. Neno lenyewe lilitoka pamoja nao. Kikaratasi cha asubuhi kilisahauliwa zamani, lakini kibarua angali akingoja.